Programu yetu ya waumini na zaka: tunaifanyaje huria, na nani ataitunza?

Kisanduku_Katuba (Lubumbashi)

Yambo wapendwa. Tuna programu ndogo ya kanisa, imeandikwa kwa Python (lugha ya kuandikia programu) juu ya SQLite (hifadhidata inayokaa kwenye faili moja). Inashika daftari la waumini, zaka na sadaka, na inarusha maneno ya nyimbo ukutani. Makanisa sita yanaitumia, huko kwenye komini za Lubumbashi za Katuba, Kenya na Kampemba, kila moja na kompyuta yake ya mtumba: mbili bado ni Windows 7, zilizobaki Windows 10. Intaneti ni ya kununua mega kwenye simu. Makanisa mengine yanaiomba, na wazee wanataka iwe programu huria, yaani msimbo wake wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, ili isife siku kijana aliyeiandika akipata kazi Kolwezi.

Shida za sasa: umeme ukikatika katikati ya kazi, mara mbili faili limegoma na kuandika "database disk image is malformed", yaani limeharibika. Kila kanisa limebaki na toleo lake kwa sababu flashi inapita mikono mingi. Leseni hatujui tuchague ipi. Kabla hatujaanika msimbo mbele ya watu, tuanzie wapi? Au tuache yetu tuhamie zilizopo?

Fundi_Bagira (Bukavu)

Ndugu wa Katuba, anzeni kwa kupunguza. Sehemu ya nyimbo itoeni yote. OpenLP inafanya kazi hiyo tangu 2004, iko chini ya leseni huria ya GPL, inakwenda kwenye Windows, Linux na Mac, na imeandikwa kwa Python hiyo hiyo mnayoijua, kwa hiyo ikikwama mnaweza kuifungua na kuona ndani. Inarusha nyimbo, mistari ya Biblia, picha na video, na ina ukurasa wa jukwaani unaowaonyesha waimbaji ubeti unaofuata. Kuandika hayo upya ni kutwanga maji kwenye kinu.

Nyimbo zenu msizichape upya. Andikeni hati fupi ya Python isome jedwali lenu na kutoa faili moja la OpenLyrics, yaani XML, kwa kila wimbo. OpenLP inayameza yote kwa mkupuo. Ubeti wa kwanza uitwe v1, wa pili v2, kiitikio c1, halafu kwenye verseOrder (mpangilio wa beti) mnaandika `v1 c1 v2 c1`. Kiitikio kinachapwa mara moja tu, na mkikuta kosa la herufi mnasahihisha mahali pamoja. Kosa linaloonekana sana ni kubandika wimbo mzima kama ubeti mmoja: slaidi zinakatika popote, kwaya imeshafika kiitikio na ukuta bado uko ubeti wa pili. Mistari minne kwa slaidi inatosha, sita ikizidi sana, hasa kwa projekta za zamani za 1024×768.

Biblia: Segond ya 1910 haina mwenyewe tena, itumieni kwa Kifaransa. Za Kiswahili nyingi zina wenyewe, msizichukue kwenye simu ya mtu na kuzitia kwenye programu mnayoigawa. Mojawapo iliyo wazi ni toleo huru la Neno kutoka Biblica, liko chini ya CC BY-SA 4.0 (leseni inayoruhusu kugawa), faili la leseni lake liende pamoja nalo.

Daftari la waumini ndilo linalostahili jasho lenu. Iko ChurchCRM, ya PHP na MariaDB, leseni ya MIT, nzuri kwa kanisa lenye seva na mtu wa kuitunza. Lakini familia ndani yake inabeba jina moja la ukoo. Kwetu mtu ana jina, postnom (jina la pili) na jina la ubatizo. Mama habadilishi jina akiolewa, na watoto watano wa nyumba moja wanaweza kuwa na majina matano. Ukiorodhesha familia kwa jina la ukoo, nyumba moja inageuka nyumba nne.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Jedwali la `mtu` liwe na majina matatu katika safu tatu. Jedwali la `nyumba` lisiwe na jina lolote, namba tu, mtaa na avenyu. Katikati yake jedwali la uhusiano: nani ni nani katika nyumba ipi. Mtoto anayelelewa kwa shangazi anaingia bila kudanganya mashine.

Kutafuta: ongezeni safu moja iliyofichwa yenye majina yote matatu kwa herufi ndogo, bila alama za Kifaransa (`unicodedata.normalize('NFD', jina)`, kisha mtoe alama zilizobanduka). Anachochapa karani kikateni kwenye nafasi, kila neno litafutwe peke yake. Akichapa "ilunga beatrice" ampate KABWE ILUNGA Béatrice, hata akigeuza mpangilio. Msipofanya hivyo karani hampati mtu, anamwandika tena, na mwisho wa mwaka kanisa lina waumini ambao hawapo.

Namba za simu ni maandishi, si hesabu. Zihifadhini kwa +243 na tarakimu tisa. Excel ikiona 099 inakula sifuri ya mbele bila kuuliza. Na orodha zinazotoka Excel ya Kifaransa zinatenganishwa kwa nukta-mkato, si koma, mara nyingi zikiwa katika Windows-1252. Mkizisoma kama UTF-8 hati inakataa au herufi zenye alama zinaharibika. Mnapotoa orodha nyinyi, andikeni kwa `utf-8-sig`, Excel itaifungua vizuri.

MamaHesabu_Ruashi (Lubumbashi)

Baba Fundi amemaliza ya majina, mimi niingie kwenye pesa, maana hapo ndipo kanisa linagombana.

Kila sadaka iandikwe kwa pesa ilivyoingia: kiasi, na CDF (franka) au USD (dola). Msiibadilishe wakati wa kuandika. Tuseme Jumapili hii dola 1 ni franka 2800, na sandukuni mna dola 40. Programu ikiziandika kama franka 112,000, wiki inayofuata kiwango kikishuka hadi 2750 dola zile zile 40 ni franka 110,000. Daftari linasema kimoja, sanduku kingine, pengo ni franka 2000, na mtunza sanduku anatazamwa kwa jicho baya bila kuiba kitu. Kiwango cha siku kiandikwe katika jedwali lake, kitumike kwenye ripoti tu. Jumla ionyeshwe mistari miwili, franka peke yake, dola peke yake.

Kiasi kiwe namba kamili, senti za dola, msitumie REAL, aina ya namba zenye desimali. Humo kompyuta haiwezi kushika 0.10 sawasawa, na ukijumlisha mistari elfu jumla inaweza isilingane sawasawa.

Ukurasa wa kuhesabu usiulize jumla, uulize noti. Kwa franka: 20,000 ngapi, 10,000 ngapi, 5000, 1000, 500, 200, 100, 50. Kwa dola: 100, 50, 20, 10, 5, 1. Mashine izidishe yenyewe. Watu wawili wahesabu, kila mmoja aandike bila kuona ya mwenzake, na programu ikubali zikilingana tu. Dola iliyopasuka pembeni iwe na kisanduku chake: ni sadaka, imeingia, lakini sokoni hawaipokei, kwa hiyo isihesabiwe kwenye pesa ya kutumia.

Tena, isiwepo futa. Kosa linasahihishwa kwa kuandika mstari wa kinyume wenye sababu. Msitegemee kitufe kisichoonekana, zuieni ndani ya hifadhidata kabisa:

`CREATE TRIGGER usifute BEFORE DELETE ON sadaka BEGIN SELECT RAISE(ABORT, 'Andika mstari wa kinyume'); END;`

Na nyingine kama hiyo kwa UPDATE.

Saa nayo. Kompyuta za mitumba betri yake ndogo ya ndani, ile ya CR2032, mara nyingi imekufa. Umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka, na sadaka za leo zinaingia mwaka ambao kanisa halijajengwa. Programu ilinganishe saa na tarehe ya risiti ya mwisho; saa ikiwa nyuma, ikatae kuandika mpaka mtu athibitishe tarehe. Betri yenyewe ni ya kubadilisha kwa dakika tano. Saa za eneo liwe `Africa/Lubumbashi`, ni UTC+2. Kinshasa iko saa moja nyuma, msichague ile kwa sababu tu ni mji mkuu.

Kisanduku_Katuba (Lubumbashi)

Aksanti sana mama, aksanti Fundi. Hiyo ya pengo la franka imeeleweka mara moja, tulikuwa tunabadilisha. Sasa umeme na flashi: faili lililogoma linaokolewa? Na toleo jipya linafikaje makanisa sita bila kupakua kila mahali?

Volkano_Himbi (Goma)

Linaokolewa mara nyingi, msiliguse tu. Funga programu, nakili mafaili yote matatu yanayokaa pamoja: lenye `.db`, lenye `-wal` na lenye `-shm`. Kama hamjawasha WAL (hali ya SQLite ya kuandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni) litakuwepo lenye `-journal`, nalo mlichukue. Watu wanaliona, wanadhani ni takataka, wanalifuta. Ndani yake ndimo mlikuwa na kile SQLite inachohitaji kujirudisha sawa baada ya umeme kukatika. Hiyo ni sababu mojawapo ya ujumbe wenu. Nyingine ni kunakili faili kwenda flashi programu ikiwa wazi, na ya tatu ni kuendesha hifadhidata moja kwa moja juu ya flashi na mtu kuichomoa.

Juu ya nakala, si faili lenyewe:

`sqlite3 waumini.db ".recover" | sqlite3 mpya.db`

Kisha fungua `mpya.db`, andika `PRAGMA integrity_check;` ikijibu `ok`, hesabu risiti na ulinganishe na daftari la karatasi.

Kwa siku zijazo, kila programu inapofungua hifadhidata iseme: `journal_mode=WAL`, `synchronous=FULL`, `foreign_keys=ON`. Hii ya tatu SQLite haiiwashi yenyewe, na ni lazima isemwe kila mara inapofunguliwa. Ya pili, wengi wanaweka NORMAL kwa sababu ni nyepesi. NORMAL pamoja na WAL hailiharibu faili, ila umeme ukikatika risiti za mwisho zinaweza kupotea. Kwa pesa wekeni FULL. WAL haifanyi kazi kwenye folda inayoshirikiwa kwa mtandao kati ya kompyuta mbili, msijaribu.

Nakala rudufu ni amri moja: `VACUUM INTO 'E:/nakala/2025-06-15.db';`. Inafanya kazi programu ikiwa wazi, ila inakataa kama faili la jina hilo lipo tayari, kwa hiyo jina libebe tarehe. Flashi tatu zizunguke, moja ilale nje ya kiwanja cha kanisa. Zifungwe kwa 7-Zip yenye AES-256, neno la siri kwenye bahasha kwa wazee wawili: orodha ya waumini na simu zao na zaka zao ikiokotwa sokoni hamtaweza kuirudisha. Mara moja kwa mwezi nakala moja ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine na risiti zihesabiwe.

Umeme: msinunue seva. Laptop ya mtumba ambayo betri yake inashika hata dakika 40 inatosha, betri hiyo ndiyo inayoipa muda wa kujifunga vizuri. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, ikiendeshwa kwa kadi ya SD inaweza kuharibika kwa kukatiwa umeme. Mkiipenda, ipeni SSD. Rauta ya volti 12 na ampea 1 inakula wati 12. Betri ya volti 12 ya 7 Ah ina wati-saa 84, lakini ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo hesabu saa tatu na nusu, ikizeeka chini ya hapo. Ibada ndefu inapita humo.

Matoleo sasa. Tatizo lenu si flashi. Tatizo ni kwamba programu haijui hifadhidata iko hatua gani. SQLite ina `PRAGMA user_version`, namba moja ndani ya faili. Mabadiliko ya majedwali yaandikwe kama 001.sql, 002.sql na kuendelea. Programu ikifunguka inasoma namba, inatoa nakala rudufu, inatekeleza yaliyokosekana ndani ya muamala mmoja, inaandika namba mpya. Ikikuta hifadhidata ni mpya kuliko yenyewe, ikatae kufungua na iseme "tafuta toleo jipya". Basi hata flashi ikizunguka Ruashi yote, hakuna kuharibu.

Kifurushi cha Windows: PyInstaller (inageuza Python kuwa programu ya kufungua moja kwa moja) kwa `--onedir`, kisha Inno Setup (inatengeneza kisakinishi). Ile ya faili moja inajifungua upya kwenye folda ya muda kila ikianza, ni nzito kwa mashine za mitumba, na vizuia-virusi vinaishuku bila sababu. PyInstaller haitengenezi ya Windows ukiwa Linux. Tumieni Windows, au GitHub Actions, huduma ya mtandaoni, iwatengenezee. Kwa zile Windows 7, Python 3.8 ndiyo ya mwisho kuingia, na yenyewe haipokei marekebisho tangu Oktoba 2024. Mashine zikiwa na biti 64 na RAM ya GB 2 au zaidi, wekeni Linux Mint ya Xfce, mtapata Python ya leo.

Faili linakwenda kwa flashi, muhuri wake wa SHA256 unakwenda kwa WhatsApp. Anayepokea anaandika `certutil -hashfile faili.exe SHA256` na kulinganisha herufi nane za kwanza na nane za mwisho. Njia mbili tofauti, hivyo faili likiwa limebadilishwa njiani inajulikana. Waandishi wenzenu wasio na mega wapeni msimbo kwa Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo: `git bundle create kanisa.bundle --all`, historia yote inakaa kwenye faili moja, na `git clone kanisa.bundle` inaifungua bila intaneti.

Toleo jipya litoke Jumatatu au Jumanne. Ijumaa hapana. Desemba nzima hapana, na wiki ya Pasaka hapana.

Karani_wa_Leseni (Bukavu)

Fupi tu. Msimbo bila faili la LICENSE si huria, hata ukiwa wazi kwa dunia nzima: sheria yetu ya haki za mwandishi, ya 5 Aprili 1986, inamwachia mwandishi kila kitu. Kwa hiyo kwanza kijana asaini karatasi kwamba anautoa, na kama kanisa lilimlipa, kanisa nalo lisaini.

Mimi ningechagua GPL 3. Atakayeibadilisha na kuigawa atalazimika kugawa na msimbo wake. MIT inaruhusu mtu aichukue, aifunge, awauzie makanisa yale yale. Siku mkiiweka kwenye seva watu waitumie kwa kivinjari, fikirieni AGPL, maana GPL haimgusi anayeendesha tu bila kugawa.

Maneno ya nyimbo yasiingie kwenye ghala la Git. Leseni yenu haiwezi kutoa kisicho chenu. Wala orodha halisi ya waumini, hata ya "majaribio": Congo ina Sheria ya Kidijitali tangu 13 Machi 2023, inagusa data binafsi, na Git haisahau. Ukifuta faili leo, jana bado iko ndani. Amri ya `git filter-repo` inasafisha kwako, si kwa walioshanakili. Andikeni hati ya kuzalisha waumini mia mbili wa uongo.

Kuhusu nani atatunza: akaunti ya kuwekea msimbo iwe ya shirika, si ya kijana, na watu watatu wawe na funguo, angalau mmoja asiwe wa kanisa la mwandishi. Uthibitisho wa pili wa kuingia kwenye akaunti usiende kwa SMS, kadi ya simu isiyotiwa vocha inafungwa na akaunti inakwenda nayo. Tumieni programu ya namba za muda, na zile namba za siri za kurudisha akaunti mzichape kwenye karatasi, ziingie sanduku la kanisa pamoja na hati za kiwanja.

Tafsiri: msimbo wa lugha ni `sw_CD`, yaani Kiswahili cha Congo. Msichukue maneno ya programu za Dar es Salaam yalivyo. Ulizeni makarani wa makanisa yote sita wanasemaje "zaka" na "fungu la kumi", kabla hamjachapa vitufe.

Kisanduku_Katuba (Lubumbashi)

OpenLP imeingia, nyimbo 312 zimemezwa. Swali la mwisho: rimoti ya OpenLP kwenye simu haifunguki. Kompyuta na simu ziko kwenye rauta moja, haina intaneti. Kivinjari kinazunguka tu.

Fundi_Bagira (Bukavu)

Vitu vitatu, kwa mpangilio huu.

Kwanza kwenye kompyuta yenyewe fungua `http://localhost:4316`. Isipofunguka, huenda sehemu ya rimoti haijapakuliwa. Inakuja peke yake kutoka kwenye mipangilio, mara moja, ukiwa na mega. Ikifunguka, OpenLP ni nzima.

Pili, Windows imeutia mtandao huo kundi la umma, na ukuta wake wa moto unazuia. Ugeuze uwe mtandao binafsi, au ruhusu milango 4316 na 4317. Wa pili ndio unaobeba mabadiliko ya slaidi, ukiusahau ukurasa utafunguka lakini hautasogea.

Tatu, na nadhani ni hii: simu ya Android ikiona WiFi haina intaneti, inahamia mega zako kimyakimya. Zima data ya simu, au ikikuuliza ubaki kwenye WiFi hiyo, kubali. Kisha andika anwani kamili ya kompyuta, mfano `http://192.168.1.10:4316`, na kwenye rauta ifungieni anwani hiyo kwa kompyuta ya nyimbo ili Jumapili ijayo isibadilike.

Kisanduku_Katuba (Lubumbashi)

Ilikuwa ya tatu. Imefunguka.